Ndani ya kiolesura cha PHP kuna nini?

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie kodi. Si ile ya TRA, ni ile ya kompyuta.

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa PHP mwaka 1995. Miaka ya mwanzo lugha hiyo haikuwa na kiolesura, kile ambacho waprogramu wetu wanakiita intafesi. Kilikuja Julai 2004 na PHP 5.

Kwa wasiojua, kiolesura ni orodha ya ahadi. Ndani yake mnakaa majina ya fankisheni zilizo wazi kwa wote, pamoja na konstanti, yaani thamani zisizobadilika. Namna ya kutekeleza haimo. Klasi inayokubali kiolesura ndiyo inayoandika utekelezaji, na ikiruka fankisheni hata moja, PHP inagoma.

Kwa nini tujali? Kumbukeni Kenya. Tarehe 30 Desemba 2007, vurugu za uchaguzi zikiwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja. Ory Okolloh akatoa wazo kwenye blogu yake, na Januari 2008 ikazaliwa Ushahidi: raia wanatuma taarifa kwa SMS, barua pepe au tovuti, nazo zinaonekana kwenye ramani. Mfumo huo ulikuja kujengwa kwa PHP.

Sasa fikirieni mfumo wa aina hiyo ukimhudumia mtu wa Wasso mwenye simu ya tochi, na mwenzake wa Karatu mwenye intaneti. Kiolesura kimoja, tukiite MpokeaHabari, kinaahidi pokea() na thibitisha(). Klasi ya SMS inatekeleza kivyake, ya barua pepe kivyake. Kesho njia mpya ikiongezwa, ya zamani haiguswi. Yule wa Wasso hapotei.

Yaliyomo yameongezeka polepole. Mwaka 2021, PHP 8.1 iliruhusu klasi kubadili konstanti iliyorithi kwenye kiolesura. Mwaka 2023, PHP 8.3 ikaruhusu konstanti kutajiwa aina yake. Novemba 2024, PHP 8.4 ikaingiza sifa, mradi useme kama inasomwa, inaandikwa, au vyote viwili. Lakini mwili wa fankisheni bado ni marufuku, tofauti na Java iliyouruhusu mwaka 2014.

Mimi nauunga mkono ukali huo. Ahadi ikae peke yake, kila mtu aione, utekelezaji upimwe kwayo. Laiti ilani za uchaguzi nazo zingegoma kila ahadi moja inaporukwa!

Nawasilisha.