Makasha, Vitanda na Majahazi: Nauli Nafuu ya Wazee Wetu

Umoja wetu unapotimiza miaka kumi, tumeona yafaa kuwakumbusha wanachama jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla ya vyama vya ushirika kuwako: kwamba mzigo mzito ni rahisi kwa wanaoshirikiana, na ni ghali kwa aliye peke yake. Ushahidi wake umo majumbani mwetu.

Makasha ya msaji yenye njumu za shaba, yaonekanayo hata leo katika nyumba za Mji Mkongwe, mengi yake yalitoka Bombay na Surat. Yaliletwa na majahazi kwa pepo za kaskazi, zivumazo tangu Desemba hadi Machi, na vyombo hivyo vikarejea kwa kusi. Upepo hautozi fedha. Gharama yake ni subira ya kungoja msimu. Tena kasha halikulazimika kusafiri tupu, maana lenyewe ni chombo cha kutilia nguo na vitu vidogo.

Merikebu za moshi za kampuni ya British India zilipoanza kufika Unguja mwaka 1872, jahazi halikufa. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika bandarini kwetu katika jahazi la Kuwait, ambalo baadaye lilikwenda Rufiji kupakia boriti za mikoko za kuezekea nyumba za Uarabuni. Hapo pana somo: chombo kilichokuja na shehena hakikurudi kitupu, na chombo kipatacho mzigo huku na huku hakina haja ya kumtoza mteja mmoja gharama za safari mbili.

Mafundi nao walisaidia. Kitanda cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, vilivyopachikwa kwa ncha na matundu. Kamba ikifunguliwa, kitanda kizima hugeuka tita la miti, ambalo mtu mmoja aweza kulitwika kichwani, au punda akalibeba.

Katika nchi kavu, watu wa mashamba walitegemea punda, magari ya ng'ombe na wachukuzi. Mwaka 1905 ilifunguliwa reli ya maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, lakini haikuvuka miaka ya 1920, motokaa ziliishinda. Hata hivyo motokaa nayo ilishindwa na vichochoro vya mjini. Huko mahamali walilitundika kasha kwa kamba kwenye mti na kulichukua mabegani, huku wakiitikiana ili hatua zao ziwe moja. Mkokoteni wa kusukuma kwa mikono ungaliko hadi leo.

Lakini tusidanganyike kwamba kila nauli ndogo ni nafuu. Mwezi wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imezidishwa abiria na shehena, na watu zaidi ya 200 wakafa. Baadhi ya walionusurika walielea juu ya magodoro yaliyokuwa mizigo melini. Unafuu uletwao na kujaza kupita kiasi hulipwa kwa roho za watu, na mwanachama mwenye busara huuacha mzigo wake ungoje safari nyingine.

Basi mwanachama anayemwoza binti yake Makunduchi, au anayehamisha vyombo vya nyumba kutoka Dar es Salaam, na afuate mambo manne: avifungue vinavyofunguka, ayajaze makabati na masanduku nguo na vyombo vidogo, angoje wakati ambao wasafirishaji hawana kazi nyingi, na atafute jirani wa kuchangia naye nauli. Nasi viongozi tuhakikishe kwamba lori lililopeleka mazao ya wanachama mjini halirudi shamba tupu. Safari hiyo tumekwisha kuilipia. Kurudi bila mzigo ni kuyamwaga mafuta barabarani, na mafuta hayo hununuliwa kwa jasho la mkulima.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Umoja wetu na udumu.