Kadi ya sauti kwa studio ya nyumbani: ununue ipi na uitumieje

Kila wiki tunaletewa nyimbo mpya na vijana, kwaya na bendi za mkoani hapa, nyingine kwenye flashi, nyingine zikiwa bado ndani ya simu. Nyingi zina ujumbe mzuri na waimbaji wanaojua kazi yao, ila hatuwezi kuzipiga hewani. Ama sauti imepasuka, ama kuna mvumo wa umeme chini yake tangu mwanzo hadi mwisho, ama mwimbaji anaingia nyuma ya biti kwa kiasi kinachokera sikio. Kasoro hizi huingia wakati wa kurekodi, na fundi mitambo hata awe hodari vipi hawezi kuziondoa zote baadaye. Mara nyingi zinaanzia kwenye kifaa kimoja ambacho watu hukinunua bila kuuliza maswali: kadi ya sauti.

Maprodyuza wa mtaani huiita saundi kadi. Kwenye boksi lake utakuta imeandikwa kuwa ni intafesi. Ni kitu kilekile.

Kazi yake ni hii. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, kiasi cha elfu moja au mbili za volti moja mtu anapoimba kwa sauti ya kawaida. Kadi huukuza umeme huo, kisha huugeuza kuwa namba ambazo kompyuta inazielewa, na kuzipitisha kwenye waya wa USB. Unaposikiliza, kazi inageuka: namba zinarudi kuwa umeme na kwenda kwenye hedifoni au spika. Laptop yako tayari ina kadi ya namna hiyo ndani, lakini imetengenezwa kwa ajili ya mikutano ya video na kuangalia filamu. Imebanwa jirani na feni na vifaa vingine vinavyotoa kelele za umeme, na haina tundu la maikrofoni ya studio.

Tuanze na maikrofoni uliyonayo

Tunaanza hapa kwa sababu ndipo pesa nyingi za vijana zinapopotea. Ukipita maduka ya Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa ndugu zetu wa Nairobi, utaona seti inayouzwa kwa bei nafuu: maikrofoni ya BM-800, stendi ya kubana mezani, chujio la pumzi, na pengine kadi ya V8 yenye vitufe vya makofi na vicheko. Ndani ya seti kuna waya wenye plagi ya pini tatu upande mmoja, na pini ndogo kama ya hedifoni za simu upande wa pili. Mnunuzi anaichomeka kwenye laptop, anarekodi, anasikia sauti nyembamba iliyozungukwa na "shhh", kisha anaamua kwamba maikrofoni ni mbovu.

Maikrofoni ya aina ile, yaani kondensa, inahitaji umeme ili ifanye kazi. Kadi ya studio huipatia volti 48 kupitia waya uleule unaoleta sauti, na mafundi huuita umeme huo fantomu. Tundu dogo la laptop linatoa volti chache tu. Maikrofoni inafanya kazi ikiwa na njaa. Kwa hiyo kabla hujaitupa BM-800 yako, tafuta waya wenye pini tatu pande zote mbili, si ule ulioletwa nayo, uichomeke kwenye kadi yenye kitufe cha 48V na usikilize tena. Haitageuka kuwa maikrofoni ya gharama kubwa, lakini utajua sauti yake halisi.

V8 nayo tusiionee. Imetengenezwa kwa anayekwenda laivu kwenye simu, anayetaka mwangwi, muziki wa chini na makofi kwa wakati mmoja, na hiyo kazi inaifanya. Shida inakuja anapotaka kurekodi wimbo. Mwangwi ukishaingia kwenye sauti hautoki tena, na kelele zake za ndani husikika kila mwimbaji anaponyamaza.

Wenye maikrofoni za dainamiki, kama SM58 ya Shure, hawahitaji volti 48, na ukiziwasha kwa bahati mbaya hazitaiharibu maikrofoni nzima iliyounganishwa kwa waya mzuri. Wanachohitaji ni nguvu ya kukuza, ambayo kwenye kadi huandikwa geini. Hapa usidanganywe na muonekano. SM7B, ile maikrofoni kubwa nyeusi ambayo kila mwenye podikasti anaitamani, inatoa sauti ndogo sana na inahitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60. Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu kutoka Focusrite inafikia desibeli 56, wakati ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2023, inafikia 69. Mtu akinunua SM7B na kadi ndogo ya bei ya chini atalazimika kuzungusha geini hadi mwisho, na huko mwisho ndiko kelele zilipo. Kwa bajeti ya kawaida tungemshauri achukue SM58, na ahakikishe muuzaji anaaminika, maana za bandia zimejaa sokoni.

Matundu mangapi?

Kwa mwimbaji mmoja, mtangazaji wa podikasti au mpiga gitaa, matundu mawili yanatosha kwa miaka mingi. Kadi yenye tundu moja ni nafuu kidogo tu, na siku utakapotaka kurekodi mahojiano ya watu wawili, au sauti na gitaa pamoja, utajuta kiasi ulichookoa. Angalia pia kama kuna kitufe kilichoandikwa INST. Hicho ni cha gitaa linalochomekwa moja kwa moja. Bila hicho gitaa la umeme linasikika limefifia. Kinanda hakikihitaji, chenyewe kinatumia LINE.

Kwaya ni habari nyingine, na swali hili tumeulizwa mara nyingi: "Tuna mikisa yenye USB kanisani, kwa nini tununue kadi?" Mikisa nyingi zenye USB, hata zikiwa na matundu 8 au 12, hupeleka kwenye kompyuta chaneli mbili tu, zikiwa zimeshachanganywa. Soprano, besi, kinanda na ngoma vyote vinafika vimeshikana. Kinanda kikizidi, kimezidi moja kwa moja. Kuna mikisa zinazopeleka kila chaneli peke yake, mfano Soundcraft Signature 12 MTK, lakini bei yake ni ya ngazi nyingine, na alama ya kutafuta ni hayo maneno MTK au maelezo yanayosema wazi kuwa inarekodi chaneli nyingi. Kwa kwaya isiyo na fedha hizo, kadi ya matundu mawili na kondensa mbili zilizowekwa mbele ya waimbaji kwenye ukumbi mtulivu hutoa kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Waimbaji wenye sauti kubwa warudi nyuma hatua mbili. Kinanda kirekodiwe kwanza, waimbaji wakifuate kwa hedifoni; lakini kama kwaya imezoea kuimba pamoja na mpiga kinanda wake, iacheni iimbe hivyo, tempo itakuwa hai zaidi.

Draiva na tatizo la kuchelewa

Sauti ikiingia kwenye kadi, ikaenda kwenye kompyuta na kurudi masikioni, inatumia muda. Kompyuta haichukui sauti kidogo kidogo bila kukoma. Inaikusanya kwa mafungu. Kadi ikipima sauti mara 48,000 kwa sekunde na fungu likiwa na vipimo 256, fungu moja peke yake ni milisekunde 5.3. Fungu la 1,024 ni zaidi ya milisekunde 21, na safari ni ya kwenda na kurudi. Ukizidi hapo mwimbaji anajisikia kama anaimba bondeni, na anaanza kuvuta maneno ili alingane na kile anachokisikia. Ndiyo zile nyimbo zinazoburuza tulizozitaja mwanzoni.

Tiba ya kwanza ni kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, ambacho kwenye kadi nyingi kimeandikwa DIRECT au MIX. Kinampelekea mwimbaji sauti yake kabla haijaenda kwenye kompyuta. Ukikitumia, zima sauti ya chaneli hiyo ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili. Tiba ya pili ni kupunguza mafungu hadi 128 wakati wa kurekodi, kisha kuyarudisha 1,024 wakati wa kumiksi ili kompyuta isilemewe na kuanza kukatakata.

Kwa wanaotumia Windows, uliza kama kadi ina draiva yake ya ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Kadi ndogo kabisa za Behringer, UM2 na UMC22, hutegemea ASIO4ALL, ambayo ni ya bure na inafanya kazi, ila husumbua mara kwa mara. Dada yao UMC202HD anakuja na draiva yake. Sisi tungeona ni heri kusubiri mwezi mmoja zaidi na kuongeza fedha.

Habari njema kwa asiye na kompyuta: simu za Android zilianza kutambua sauti ya USB rasmi tangu toleo la 5.0, hivyo kadi nyingi zisizohitaji draiva maalumu zinaweza kuunganishwa na simu kwa adapta ya OTG na programu kama BandLab. Tatizo ni umeme. Simu inaweza kushindwa kuilisha kadi, hasa ukiwasha volti 48. Dawa ni habu ya USB inayochukua umeme kutoka kwenye chaja yake yenyewe. Jaribu na simu yako dukani kabla ya kulipa.

Ukinunua iliyotumika, nenda na laptop na hedifoni zako. Zungusha kila kitufe polepole usikilize kama kinakwaruza, tikisa kidogo waya wa USB mahali unapoingia, na ujaribu volti 48 kwa kondensa halisi. Tundu la USB lililolegea ndilo ugonjwa wa kadi nyingi kuukuu.

Siku ya kurekodi

Punguza sauti zote, chomeka maikrofoni, kisha ndipo uwashe volti 48, usubiri sekunde chache. Wakati wa kuchomoa, zima kwanza. Spika zizimwe, usikilize kwa hedifoni zilizofunika sikio.

Mwambie mwimbaji aimbe sehemu yake yenye nguvu kuliko zote, si "haloo, haloo, moja mbili". Panga geini ili vilele vifike kati ya -18 na -12 kwenye kipimo cha programu. Sifuri ndio mwisho wa barabara; sauti ikiugonga inakatwa kichwa na haipo tena. Wengi hurekodi juu sana wakiogopa sauti itakuwa ndogo. Kwa biti 24 hofu hiyo haina msingi, unaweza kuiongeza baadaye bila kuibua kelele. Familia moja ilituletea simulizi za babu yao kuhusu ukoo na safari za zamani, saa nzima, taa nyekundu ikiwa imewaka mwanzo hadi mwisho. Mzee alikuwa ameshafariki. Tulichoweza ni kuwasaidia kuyaandika maneno waliyoweza kuyatambua.

Mvumo wa umeme unaosikika "nnnn" mara nyingi unatoka kwenye chaja ya laptop. Chomoa chaja, urekodi kwa betri, usikie tofauti. Ukibaki, hakikisha laptop, kadi na spika zote ziko kwenye ekstensheni moja, na spika zimeunganishwa kwa jeki zenye mistari miwili. Usikate wala kuziba pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Ipo kwa ajili ya uhai wako.

Chumba nacho kina sauti yake, na kadi ya aina yoyote itaileta kama ilivyo. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mapazia mazito na kabati la nguo lililofunguliwa vinafanya kazi kubwa. Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Chini ya bati, mvua ikianza, pumzikeni.

Mwisho, hifadhi wimbo kama WAV ya biti 24. Dakika moja ya stirio kwa kilohezi 48 ni takriban MB 17, kwa hiyo wimbo wa dakika nne hauzidi MB 70. Ukitutumia kwa WhatsApp, utume kama dokumenti, siyo kama sauti iliyorekodiwa ndani ya WhatsApp yenyewe, na jina la faili liwe la msanii na la wimbo. Tunapokea mafaili mengi sana yanayoitwa "final final 2".