Kabureta ya chensoo na hewa ya wizi

Msumeno wa mnyororo wa mhandisi Andreas Stihl wa mwaka 1926 ulikuwa wa umeme, kwa hiyo haukuwa na kabureta ya kumsumbua fundi. Chensoo za petroli za mwanzo zilitumia kabureta ya boya: ukiilaza mashine, inazima. Miaka ya 1950 kiwambo kikachukua nafasi ya boya, chensoo ikakata hata ikiwa kichwa chini.

Hapa Mafinga wapasua mbao huniletea mashine inayolia juu, haishuki sailensa (mzunguko wa chini), nao skrubu za kabureta wameshazizungusha mpaka basi. Mimi kabureta siigusi. Nailaza mashine upande huu, kisha ule. Kabureta ya kiwambo haijali mlalo, kwa hiyo mlio ukibadilika, nashuku sili za kranki. Hewa ikiingia hapo kwa wizi, petroli hupungua pamoja na oili iliyochanganywa, pistoni ikakwaruzika. Jamani, zibeni hewa kwanza, skrubu baadaye.