Nguo Iliyotoka Mtini



Sisi tunashona magauni ya harusi hapa Muleba. Wengi hudhani seremala na fundi cherehani hawana undugu, lakini kwa Wahaya ulikuwepo. Kabla ya vitambaa vya pamba kuenea, wazee wetu walijistiri kwa orubugo, nguo ya ganda la mti wa jamii ya mkuyu.

Fundi alibandua ganda kwa uangalifu, akaufunga mti kwa majani ya mgomba ili uote ganda jipya. Ganda lile lililazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza mipana, mwisho myembamba, hadi likatanuka na kulainika. Likianikwa juani, hugeuka rangi ya udongo.

Nyundo zenyewe zilichongwa kwa shoka na tezo. Chuma nacho kilikuwa cha hukuhuku: Katuruka, karibu na Bukoba, kiliyeyushwa takriban miaka 2,000 iliyopita.

Wenzetu wa Uganda wameienzi kazi hii, na mwaka 2008 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwetu nyumbani, nyundo ya babu iliishia jikoni kama kuni, nasi tulitazama tukanyamaza. Mpaka leo inatuuma.

Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala, basi kazi ya mikono si ya kudharau. Bibi harusi, kabla hujaaga kwenu, muulize bibi nini kimebaki darini. Ikiwepo nyundo, iombe uondoke nayo.