Kibali cha Ndoa na Daftari ya Karani: Habari za Wilaya za North Carolina

Kasisi au mwalimu aandikaye majina ya bwana arusi na bibi arusi katika daftari ya kanisa ajua ya kuwa kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Mara nyingi hufanywa kwa haraka, maana jamaa wamekwisha simama mlangoni, na vigelegele vimeanza. Lakini huenda mistari ile michache ikawa ndiyo ushahidi wa pekee utakaobaki wa watu wale wawili, baada ya wao na watoto wao kufa. Jambo hili twataka kulionyesha kwa habari za North Carolina, jimbo la Marekani lililo kando ya bahari ya Atlantiki. Jimbo hilo limegawanywa katika wilaya, ambazo wenyewe huziita kaunti. Na mambo ya ndoa, tangu zamani, yamekuwa kazi ya afisi ya wilaya.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya wakisema "karatasi ya ndoa". La kwanza ni kibali, ambacho hutolewa kabla ya arusi. Kibali chasema ya kuwa hawa wawili hawana kizuizi, nao wana ruhusa ya kuoana. Hakisemi ya kuwa wameoana. La pili ni maandiko ya daftari, ambayo hufuata baada ya arusi, nayo ndiyo yanayoshuhudia ya kuwa jambo limetendeka. Mtu akiona kibali cha babu yake asidhani amekwisha pata habari ya arusi, maana wako waliopewa ruhusa wasiitumie.

Katika North Carolina desturi ya kuandika ilianza hasa kwa sheria ya mwaka 1741, wakati nchi ile ilipokuwa koloni la Uingereza. Mtu aliyetaka kuoa alikwenda kwa karani wa wilaya, kwa kawaida wilaya ya bibi arusi, pamoja na mdhamini. Wote wawili walitia sahihi hati ya dhamana, ya kuwa likionekana baadaye jambo la kuizuia ndoa hiyo watalipa fedha nyingi. Njia ya pili ilikuwa kutangaza ndoa kanisani Jumapili tatu, nayo haikuhitaji dhamana. Maskini wengi waliipenda njia hii. Lakini hati ya dhamana ilibaki katika sanduku la karani, na tangazo la kanisani halikuacha alama yo yote katika afisi ya serikali. Basi tangu mwanzo aliyekuwa na mali aliandikwa, na asiyekuwa nayo mara nyingi alisahauliwa.

Walakini walikuwako watu ambao hata njia hizo mbili hawakuwa nazo, nao ni watumwa. Kwa sheria ya nchi ile mtumwa hakuweza kufanya mapatano, na ndoa ni mapatano. Kwa hiyo ndoa yake haikuwa kitu mbele ya mahakama. Msomaji wa pwani yetu aangalie tofauti hii. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtumwa alihitaji idhini ya bwana wake apate kuoa, lakini akiisha kuoa, ndoa yake ilikuwa ndoa kweli. Katika North Carolina bwana aliweza kuwaruhusu wakae pamoja, na hata kuwafanyia karamu, kisha akamwuza mume huku na mke kule, na sheria isiseme neno. Wengine waliruka ufagio mbele ya wenzao, iwe ndiyo alama ya kuwa wameoana. Wengine waliozeshwa na wachungaji. Nao wako wachungaji walioyapunguza maneno ya kiapo, wasiseme "mpaka kifo kitutenganishe", au wakaongeza ya kuwa hata umbali utawatenganisha. Twaandika jambo hili kwa huzuni, maana wale walikuwa watu wa kazi moja na wengi wa wasomaji wetu, nao walijua vizuri walichokuwa wakikitenda.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, na utumwa ukaondolewa, lilizuka swali hili: maelfu ya watu waliokaa pamoja miaka kumi, ishirini, hata zaidi, wakazaa na kuzika watoto, je, wameoana au hawakuoana? Jimbo lilijibu kwa sheria ya tarehe 10 Machi 1866. Wale waliokuwa wakikaa pamoja kama mume na mke walihesabiwa kuwa wameoana tangu siku ile walipoanza kukaa pamoja. Lakini iliwapasa kwenda mbele ya karani wa mahakama ya wilaya, au mbele ya hakimu mdogo, wakiri jambo hilo na kutaja lilianza lini, na karani aliandike katika daftari. Ada ilikuwa senti 25. Asiyekwenda kabla ya tarehe 1 Septemba 1866 alihesabiwa kuwa ana kosa. Baadaye muda uliongezwa mpaka tarehe 1 Januari 1868.

Tufikiri kidogo maana ya safari ile. Watu wengi walikuwa hawajui kusoma, wala hawakuwa na fedha, nao waliingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ile ile ya mahakama ambako zamani hati za kuwauza ziliandikwa. Sasa waliulizwa majina yao. Tena ilikuwako shida nzito kwa mtu aliyetengwa na mkewe kwa kuuzwa, akadhani hatamwona tena, akakaa na mwingine. Uhuru ulipokuja, yule wa kwanza akarudi. Daftari ina nafasi ya jina moja tu la mke. Karani aliandika jina, lakini hakuandika machozi.

Maandiko yale ni mafupi sana: jina la mume, jina la mke, na muda waliokaa pamoja, mahali pengine hutajwa pia aliyekuwa bwana wao. Hata hivyo thamani yake ni kubwa. Katika hesabu ya watu ya Marekani, wengi waliotoka utumwani hawakuandikwa kwa majina yao mpaka mwaka 1870. Kabla ya hapo watumwa walihesabiwa kwa umri na kwa kuwa ni waume au wake, chini ya jina la bwana. Basi mjukuu atafutaye asili yake hufika mwaka 1870 akakuta kama ukuta. Daftari ya mwaka 1866 ni dirisha katika ukuta ule, kwa kuwa ikisema "miaka ishirini na mitano", yarudi nyuma mpaka mwaka 1841. Mwanahistoria Herbert Gutman, katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1976, alizitumia daftari hizo kuwajibu waliosema ya kuwa watumwa hawakuwa na nyumba za kudumu. Ushahidi wake haukuwa hotuba, bali hesabu za miaka zilizoandikwa na makarani wa wilaya.

Lakini tusiisifu sheria ile kupita kiasi. Sheria iyo hiyo ya mwaka 1866 ilisema ya kuwa ndoa ya mzungu na mtu mweusi ni batili milele. Karani aliyefungua daftari kwa mkono mmoja alifunga mlango kwa mkono wa pili, akiwanyima kibali watu wa namna hiyo. Mlango ule ulikaa umefungwa mpaka tarehe 12 Juni 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu katika kesi ya Richard na Mildred Loving, watu wa wilaya ya Caroline katika jimbo jirani la Virginia. Hao walikuwa na cheti halali walichopata Washington mwaka 1958; walakini walikamatwa nyumbani kwao usiku.

Yeye atafutaye habari za ndoa huko hana budi kujua mambo manne. La kwanza, hati za dhamana zilikoma mwaka 1868, na tangu hapo kibali hutolewa na mwandishi wa hati za wilaya. La pili, afisi ya jimbo zima ilianza kukusanya habari za ndoa mwaka 1962 tu. Za kabla ya hapo zatafutwa katika wilaya yenyewe au katika hifadhi ya nyaraka za jimbo. La tatu, wilaya hugawanywa: wilaya ya Bute ilikomeshwa mwaka 1779, nchi yake ikawa wilaya za Franklin na Warren. La nne, moto haumwogopi karani: mahakama ya wilaya ya Hertford iliungua mwaka 1830, ikaungua tena mwaka 1862 wakati wa vita.

Lakini si kila pengo katika daftari lilitokana na moto. Hata leo mchungaji wa North Carolina aliyeozesha watu kwa kibali hutakiwa kukirudisha afisini, kimejazwa na kutiwa sahihi za mashahidi wawili, katika siku kumi. Akikisahau katika kurasa za kitabu chake cha sala, daftari ya wilaya hubaki haina habari ya arusi ile.

Basi nasi tuandikapo majina, tuyaandike yote, kwa wino mzuri, pamoja na kijiji na jina la baba na la mama. Wale waliosimama mbele ya karani mwaka 1866 walitoa robo dola, kwa wengi fedha ya taabu, wapate kuandikwa mstari mmoja. Anayeshika kalamu asiuone mstari huo kuwa kazi ndogo.