Korona, manamba na kamba ya manila

Mniwie radhi kwa ukimya. Kichwa kilikuwa kizito.

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu mmoja, anayeishi kwa kutafsiri makala kutoka Kiingereza, aliambiwa kazi imebadilika. Hajafukuzwa, la. Kuanzia sasa kompyuta ndiyo itakayotafsiri, yeye atakuwa anapitia na kusahihisha tu, kwa robo ya malipo ya zamani. Jioni tukakaa kijiweni Sinza, kahawa na kashata, tukabishana mpaka saa nne usiku. Mmoja akasema hii akili mnemba itatumaliza wote, na waandishi ndio wa kwanza. Mwingine akasema kompyuta mnaionea bure, tatizo ni siasa. Akatukumbusha Oktoba 2025, wiki ya uchaguzi, vijana walipoingia barabarani na wengine hawakurudi makwao, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Akauliza: utapangaje maisha katika nchi ambayo kiwashio cha ajira yako kipo ofisini kwa mtu mwingine?

Mimi nilinyamaza (wanaonijua watashangaa). Nilikuwa namfikiria babu.

Babu yangu alikuwa manamba. Kwa mliozaliwa mjini: manamba ni vibarua waliokuwa wakichukuliwa mikoa ya mbali kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu aliondoka Kasulu mwaka 1955, kijana wa miaka ishirini, kwa treni na malori hadi karibu na Korogwe. Alinisimulia mambo mengi kabla hajafariki mwaka 2016, na mimi mjukuu nilikuwa nikisikiliza nusu nusu huku nachezea simu. Sasa nimelazimika kutafuta vitabuni yale ambayo ningeweza kumuuliza bure.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kazi ya babu ililetwa na mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1870 wakulima wa ngano Marekani walianza kutumia mashine iliyokata ngano na kuifunga miganda kwa kamba, yenyewe, bila mkono wa mtu. Vibarua wa huko waliokuwa wakifunga miganda wakawa hawana kazi. Lakini mashine ile ilikuwa na njaa ya kamba, maelfu kwa maelfu ya tani, na kamba hiyo kwa sehemu kubwa ilitokana na mmea wa jamii ya mkonge kutoka Yucatán, Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, akaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hebu fikirieni: miche 62, ndiyo iliyozaa mashamba yote yale mnayoyaona mkipita na basi kwenda Tanga au Arusha.

Kwa hiyo kibarua wa Marekani alipokosa kazi ya kufunga ngano, kijana wa Kasulu, wa Songea, wa Burundi, wa Msumbiji, akapata kazi ya kukata majani yenye miiba. "Akapata" nalo ni neno la kuangaliwa vizuri. Wengi walisukumwa na kodi ya kichwa, hawakuvutwa na mshahara. Babu alisema waliamka usiku wa manane ili wamalize kipande kabla jua halijawaka: kata majani, ondoa mwiba wa ncha, funga mafungu ya majani thelathini thelathini, beba hadi kwenye reli ndogo. Asiyemaliza, siku yake haikuhesabiwa kwenye kadi.

Majani yalikwenda korona. Ndivyo walivyokiita kiwanda cha kusaga mkonge, kutokana na jina la mashine yenyewe. Korona ilikuwa inatisha. Babu alimjua mtu aliyepoteza vidole pale, na mpaka uzeeni akisikia mashine ya kusaga mahindi alikuwa anakunja ngumi bila kujua. Vijana wa shamba walikuwa na hofu moja, kwamba siku moja wazungu wataleta korona kubwa zaidi itakayokata mkonge yenyewe shambani, na wao watarudishwa makwao. Kila mashine mpya iliposhushwa kwenye lori walikuwa wanakwenda kuichungulia.

Mashine hiyo ya kukata haikuja kuwafukuza. Mkonge uliendelea kukatwa kwa panga.

Kilichokuja kilitoka Milano, Italia, ambako mwaka 1954 mwanakemia Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza plastiki inayoitwa polipropilini. Mwaka 1963 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Plastiki ile ilisokotwa kuwa kamba nyepesi, isiyooza, na kwa wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifunga majani makavu ya mifugo ikawa mbadala wa katani. Angalieni tarehe. Mwaka mmoja kabla babu hajapanda treni Kigoma, kazi anayoifuata ilikuwa imeshaanza kuuawa maabara. Hakuna mtu pale Korogwe aliyekuwa akiitazama Milano. Wote walikuwa wanaitazama korona.

Sasa hapa ndipo rafiki yangu wa siasa anapopata haki yake.

Wafanyakazi wa mkonge hawakuwa watu wa kukaa kimya. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa (ndiye yule yule aliyeigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu, kama hamkujua). Mashamba ya mkonge yakapata chama chake. Mwaka 1958 ulitokea mgomo mkubwa wa Mazinde, uliotikisa wenye mashamba wote. Mishahara ikapanda. Uhuru ulipofika mwaka 1961, mkonge ulikuwa umeajiri watu zaidi ya 100,000 na ndilo zao lililoiletea nchi fedha nyingi za kigeni. Watu wale walikuwa na nguvu, na walijua.

Serikali mpya nayo ilijua. Mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ikapitishwa sheria iliyobana migomo. Mapema mwaka 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba na rais wa TFL, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali akae huko mbali na watu wake. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama huru vikafutwa na kikaundwa kimoja tu, NUTA, chenye katibu mkuu ambaye ni waziri wa kazi huyo huyo. Sababu zilizotolewa ni za kuijenga nchi, na sisemi zote zilikuwa za uongo. Nchi changa, maskini, ilikuwa na hofu zake.

Lakini mwaka huo huo wa 1964 ndio mkonge ulipofika kileleni, takriban tani 230,000, Tanganyika ikiongoza duniani. Kisha bei ikaanza kuporomoka. Wenye mashamba wakapunguza watu. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba, na ikarithi biashara iliyokuwa inakufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa karibu tani 20,000. Kuna wanaolaumu utaifishaji peke yake, kuna wanaolaumu plastiki peke yake. Mimi naona vyote viwili, ila kinachoniuma ni kitu kingine: siku watu wale walipohitaji msemaji wa kuuliza nani atabeba hasara, msemaji alikuwa ameshaondolewa mwaka mmoja kabla.

Babu alipunguzwa mwaka 1969. Nilimuuliza nani alimwambia. Akasema nyapara alisoma majina asubuhi, akakunja karatasi, akaondoka. Hakuna aliyetaja plastiki wala Italia. Kwa miaka mingi babu aliamini aliondolewa kwa sababu aliwahi kugombana na yule nyapara.

Nimewasimulia haya wale wa kijiweni. Rafiki yangu mfasiri akauliza: sasa Milano yetu ni ipi? Nikamwambia hata sisi tuna mashamba yetu tayari. Mwaka 2023 jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Manamba wa kompyuta, mnaonaje? Mwezi Mei mwaka huo huo wenzao wanaochuja maudhui ya mitandao, zaidi ya 150, walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Na Juni 2024 vijana wa Kenya walitumia akili mnemba hiyo hiyo kuuchambua Muswada wa Fedha kabla ya kuingia barabarani, Rais akalazimika kuuondoa. Wapo waliolipa kwa maisha yao. Mfasiri akasema atawatafuta wafasiri wenzake waliopunguziwa malipo, angalau wajue wako wangapi. Hajui hata pa kuanzia, kwa sababu kila mmoja anafanya kazi chumbani kwake.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kasulu babu akiwa hai, alikuwa na mbuzi watatu nyuma ya nyumba. Alikuwa amewafunga kwa kamba ya bluu, ile ya plastiki tunayoiita manila, kachukua dukani pale senta. Nikamtania: babu, wewe mtu wa mkonge unafunga mbuzi kwa plastiki? Akacheka, akaishika ile kamba, akaivuta kwa nguvu mara mbili.

"Hii haikatiki," akasema.