Jinsi Biashara Zetu Zilivyojulikana

Akina mama wenzetu, biashara zetu hazikutangazwa redioni. Warundi walipoingia mwaka 2015 na kambi ya Nduta hapa Kibondo ikafunguliwa tena, sisi tulikuwa na maharage na unga wa muhogo tu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, mkalimani wa nini? Mama akipimiwa kisado kilichojaa, jioni majirani zake wote wameshajua. Wenzetu wa Kasulu waliyaona hayo Nyarugusu, kwa Wakongo, tangu 1996. Ila mdomo huohuo hubomoa: ukichanganya maharage yaliyobunguliwa, kesho huna mteja. Ndipo kikundi kikaweka sharti, anayepunja kipimo hakopeshwi. Masoko ya kambini yalipofungwa baadaye, wanunuzi wa mjini walikuwa wameshatusikia, wakaja wenyewe.